Basi Moja, Wakubwa Tano: Nani Anajibu Wakati Muchimbaji Anabaki Barabarani?

KIRUNGU. Saa kumi ya asubuhi, giza ingali nzito, watu wamekwisha kusimama kando ya barabara. Kila mutu na kofia yake ya kazi, chakula ndani ya mufuko, kitenge begani juu ya baridi ya ziwa. Tunangojea kamyo. Ikifika, tunapanda nyuma na kushikana mabega. Ikikawia nusu saa, karani amekwisha kufunga kitabu na mushahara wa siku umekatwa. Isipofika kabisa, siku imekufa, na watoto watakula muhogo bila mboga.

Mwaka mumoja, wakati wa mvua, kamyo iliyotubeba iliteleza kwenye mutelemuko. Kijana wa timu yetu alivunjika muguu mahali pawili. Mimi nilikuwa delege wa sindika, wenzangu wakanituma kuuliza nani atalipa dawa. Patron akasema: kamyo si yangu, nimekodi tu. Mwenye kamyo akasema: barabara imeharibika, uende kwa watu wa barabara. Watu wa barabara wakasema: pesa haijafika. Ku ofisi ya muji wakaniambia: hiyo ni kazi ya provinsi. Nilizunguka majuma mawili. Mwisho tulichanga sisi wenyewe, na mama wa yule kijana akauzisha mbuzi wake wawili.

Siku ile sikujua jambo moja ambalo kila muchimbaji mwenye mukataba anapaswa kujua: sheria ya usalama wa jamii ya Kongo inahesabu ajali ya njiani, toka nyumbani mpaka kazini, kuwa ajali ya kazi. Patron anapaswa kuitangaza ku CNSS. Hakuna aliyeitangaza, na mimi sikudai. Ndiyo maana leo ninaandika.

Tangu pale nimeelewa kwamba taabu yetu si ukosefu wa magari peke yake. Wakubwa ni wengi, na kila mumoja anashika kipande chake. Hapa Tanganyika, reli na bandari ya Kalemie ni ya SNCC, kampuni ya Leta. Barabara kubwa ni ya Office des Routes. Pesa ya kuzitengeneza inapita FONER. Ruhusa za magari ziko kwa watu wa transport, na muji nao una kodi zake. Wote wanakamata pesa kwa musafiri, lakini hakuna anayemungojea kituoni.

Matokeo yake tumeyaona kwa macho. Tarehe 12 mwezi wa kenda 2019, treni ya mizigo ilianguka Mayibaridi, mu provinsi yetu. Hesabu ya kwanza ya serikali ilisema watu 50 wamekufa, kisha mahesabu yakabishaniwa. Watu walifanya nini juu ya treni ya mizigo? Walikuwa wanasafiri, juu hawakuwa na njia ingine.

Sasa mara kwa mara tunasikia kwamba makonsulta watakuja kusaidia provinsi na miji kununua mabasi vizuri na kupatanisha maofisi. Wenzetu wengi wanacheka: makonsulta wanakula pesa, wanaacha makaratasi. Mimi sisemi hivyo mbio. Tuangalie kwanza jirani yetu, ngambo ya ziwa.

Dar es Salaam, watu walikuwa wanabanana ndani ya daladala sawa sisi ndani ya kamyo. Mu mwaka 2007 serikali ya Tanzania ikaunda ofisi moja, DART, kwa kazi ya kusimamia mabasi ya mwendo wa haraka. Makonsulta wakachora mupango, kati yao kampuni Logit ya Brazili. Banki ya Dunia ikaleta mukopo. Barabara ya kwanza, karibu kilometa 21, toka Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake, ikaanza kubeba watu mu mwezi wa tano 2016, na mabasi 140. Wenye daladala hawakufukuzwa bure: vyama vyao viliingia pamoja na kampuni ya zamani UDA katika kampuni mupya, UDART. Safari iliyokuwa inakula masaa mawili ikawa ya dakika makumi ine na kitu. Hiyo ni faida ya kweli, haiwezi kukataliwa.

Lakini angalia na upande mwingine. Mupango ulisema mabasi 305, yakaanza 140. Kampuni ilipoleta mengine 70, yakakwama bandarini juu ya mabishano ya ushuru: ofisi moja ya Leta inataka mabasi, ofisi ingine ya Leta inayafunga. Gereji kubwa ilijengwa Jangwani, mu bonde la muto Msimbazi, na mvua kubwa zilipokuja maji yaliingia mupaka ndani ya mabasi. Barabara ya pili, ya Mbagala, ilikwisha kutengenezwa, lakini kwanza ilikaa muda mrefu bila mabasi yake, watu wakaiangalia tu. Kwa hiyo karatasi ya konsulta inaweza kuwa nzuri, na musafiri abaki kituoni, kama maofisi hayakukaa meza moja.

Kwetu Kongo sheria ya kununua vitu vya Leta iko. Ni ile ya tarehe 27 mwezi wa ine 2010. Inasema kawaida ni mashindano ya wazi: kila muuzaji analeta bei yake ndani ya bahasha, zinafunguliwa mbele ya watu. Kupatana na mutu mumoja peke yake, ile tunayoita gré à gré, ni kwa sababu maalum na inaomba ruhusa. Ofisi inayotaka kununua inatayarisha kupitia kikundi chake, CGPMP. DGCMP inachunguza. ARMP inasikiliza malalamiko. Basi muuzaji aliyekosa haki, na hata sisi raia, tunajua mulango wa kupiga hodi.

Lakini sheria haikufundishi kuandika mukataba. Hapo ndipo konsulta muzuri anaweza kusaidia, na hapo ndipo sindika inapaswa kuangalia. Chukua mufano huu. Ukimulipa shofere kwa kila kichwa anachobeba, atangojea gari ijae, atapita mbio ili amutangulie mwenzake, na asubuhi ya mvua hatatoka. Ukilipa kampuni ya basi kwa kila kilometa iliyotembea kwa saa iliyopangwa, na ukakata pesa siku ikikosa, basi itaondoka hata ikiwa na watu kumi. Tofauti ni mustari mumoja ndani ya mukataba, lakini kwa muchimbaji ni mushahara wa siku nzima.

Tena bei ya basi si ile ya siku ya kununua. Ni pamoja na matairi, vipande vya kubadilisha, mekanisien aliyefundishwa, na barabara yetu ya mawe na matope. Basi ya bei ndogo isiyo na vipande itakuwa nyumba ya kuku mbele mwaka haujaisha. Nani hajaona mashini za namna ile nyuma ya maofisi?

Wengine watauliza: pesa itatoka wapi? Code Minier iliyorekebishwa mu 2018 inagawanya redevance ya madini hivi: 50 kwa mia kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa provinsi, 15 kwa muji, sekta ao sheferi ya pale panapochimbwa, 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni yenye kuchimba inapaswa kuweka 0,3 kwa mia ya mauzo yake, isipungue hapo, kwa maendeleo ya wenyeji. Sisemi pesa zote ziende ku mabasi; shule na maji vinangoja pia. Ninasema tu kwamba anayesema hakuna pesa, atuonyeshe kwanza kitabu.

Basi ndugu wachimbaji, na ninyi mama zetu munaobeba bidhaa mpaka soko, siku wakituita ku mukutano wa makonsulta, tusiende kwa kupiga mikono na kunywa sukari. Twende na maulizo matano. Ofisi gani moja itajibu basi ikikosa? Bahasha zitafunguliwa lini, na mbele ya nani? Kampuni italipwa kwa kichwa ao kwa kilometa? Gereji itakuwa wapi, na vipande vitatoka wapi? Wenye moto na wenye kamyo wanaoishi na kazi hiyo leo, watapata nafasi gani?

Majibu yaandikwe, na karatasi ibaki kwetu, si kwa wakubwa peke yao. Yule kijana anatembea leo, lakini anachechemea, na shimoni hawamutaki tena. Kila nikimuona, ninakumbuka milango mine niliyopiga, na hakuna hata mumoja uliofunguka.