NDEZI NA SHAMBA LA MPUNGA

Msomaji, labda jambo hili umeliona kwa macho yako. Mpunga umesimama vizuri, masuke yameanza kutoka, nawe umelala mjini usiku mmoja tu. Asubuhi unarudi shambani, unakuta mahali pakubwa kama chumba pamekuwa peupe. Mashina yamekatwa chini kabisa. Machache yameliwa, mengi yameachwa yamelala tu. Si kazi ya mbuzi, maana mbuzi huanza juu kwenye majani. Si kazi ya nyani, maana nyani huja mchana. Litazame shina lilipokatwa: limekatwa mshazari, kama kwa kisu kikali. Kisha nenda ukingoni mwa shamba, uinamishe manyasi. Utaona njia nyembamba inapita chini yake, na mavi yametawanyika njiani. Aliyefanya hivi ni ndezi, ambaye wengi humwita simbiliki.

Yafaa umjue vizuri kabla ya kupigana naye. Si panya, ingawa watu humfananisha na panya mkubwa. Mzito wake ni kilo 4 mpaka 6, na dume aliyekomaa huweza kupita hapo. Manyoya yake ni magumu kama brashi, na meno yake ya mbele yana rangi ya machungwa. Hutembea usiku, huogelea vizuri, na akishtuka hupiga mluzi na kukanyaga chini kwa miguu ya nyuma. Chakula anachokipenda kuliko vyote ni matete na manyasi manene. Lakini mpunga, mahindi, muwa, mihogo na karanga hazimshindi. Jike huchukua mimba miezi mitano, na mara nyingi huzaa watoto wawili mpaka wanne. Watoto huzaliwa wana manyoya na macho wazi, na baada ya muda mfupi wanaweza kukimbia.

Sasa sikiliza habari ya zamani. Mwaka 1869 Mskoti aitwaye Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare, akakaa huko na kuzunguka nchi ya Manyema mpaka mwaka 1871. Aliandika habari za misitu mikubwa, tembo wengi, na sokwe waliokuwa karibu na vijiji. Akaandika pia kwamba meno ya tembo yalikuwa yameachwa msituni hapo tembo alipouawa, maana watu walitaka nyama, si pembe. Wafanyi biashara walipokuja kuyatafuta, mengine yalikutwa yameoza nusu, na mengine yameguguna na nyama mdogo. Jina la nyama huyo aliliandika kwa herufi zake: *dezi*. Basi ndezi wetu ni mwenyeji wa zamani. Siku zile alikuwa akinoa meno yake kwa pembe za ndovu, wala hakuna aliyemlalamikia.

Tembo je? Biashara ya pembe iliwamaliza upesi. Kasongo palikuwa mji wa Tippu Tip, na misafara ilipita Kabambare kwenda Ujiji na pwani. Chui naye, aliyekuwa akila ndezi, amepungua sana. Leo mtu wa mji wa Kasongo aweza kuzeeka asione tembo wala sokwe, lakini ndezi atamwona, sokoni kama si shambani.

Mpunga wenyewe si mmea wa asili hapa. Uliletwa na Waarabu na Waungwana waliotoka mashariki, wakaulima Kasongo na Nyangwe. Majeshi ya Wabelgiji yaliiteka miji hiyo mwaka 1893, wenye nguvu wakabadilika, lakini mpunga ulibaki. Ukawa chakula chetu na mali yetu, hata mtu wa Kasongo husahau kwamba babu wa babu yake hakuujua. Kisha sheria ya mwaka 1917 ikaleta kilimo cha lazima, na Maniema ilikuwa kati ya nchi za kwanza kulimishwa pamba. Watu walipewa vipimo vya shamba na siku za kazi, na asiyelima aliadhibiwa. Misitu mingi ilikatwa kwa amri, si kwa njaa ya mwenye shamba.

Kusini mwa Maniema tangu zamani pana msitu na mbuga pamoja. Lakini mpaka wa msitu umerudi nyuma, na mahali pake pameota manyasi. Zamani shamba likichoka liliachwa miaka mingi, miti ikaota, kivuli kikaua manyasi. Siku hizi watu wa kijiji ni wengi, tena wote hutaka shamba karibu na njia. Shamba huachwa miaka mitatu au minne tu, kisha hulimwa tena. Miti haipati nafasi ya kukua, bali manyasi huipata. Katika vita vilivyoanza mwaka 1996, watu wengi wa Kasongo na Kabambare walikimbilia msituni, na mashamba yakawa vichaka. Mbuzi na kuku waliliwa na wenye bunduki. Waliporudi nyumbani, nyama ya karibu ilikuwa ndezi.

Hapo ndipo penye shida yetu, nami nakuomba usome polepole. Wakati wa kiangazi, Juni mpaka Agosti, vijana huwasha manyasi upande mmoja na kungoja upande wa pili na mbwa, mikuki na nyavu. Ndezi hukimbia moto, wakauawa. Siku ile watu hula vizuri, wala siwalaumu, maana nyumba nyingi hazina nyama nyingine. Lakini moto hauishii pale unapotakwa. Huingia katika shamba lililoachwa lipumzike na kuua miti midogo ya mwaka wa kwanza na wa pili. Manyasi hayafi, maana mizizi yake iko chini. Mvua ya kwanza ikinyesha, yanaota mabichi na laini, nayo ndiyo karamu ya ndezi. Waliopona huzaa humo. Mpunga unapotoa masuke, wako tayari ukingoni mwa shamba lako. Basi moto uliowashwa kumpunguza ndezi humjengea nyumba, na udongo ambao ungepata nguvu kwa majani ya miti hubaki na jivu linalochukuliwa na mvua.

Utafanya nini? Kwanza, usilime peke yako katikati ya vichaka. Mashamba yakiwa pamoja, ukingo wake ni mfupi, na kila mtu humlindia mwenziwe. Pili, kabla mpunga haujatoa masuke, fyeka ukanda mtupu kuzunguka shamba lote, upana wa hatua sita au zaidi. Ndezi hapendi kupita peupe. Ukate na matete yaliyo karibu kando ya kijito. Kama una nguvu, zungusha ua mfupi wa makuti ya mchikichi au mianzi, ukiacha milango midogo, na kila mlango utege kamba. Hivyo utamla yule anayekula mpunga wako, bila kuunguza kitu. Mitego itazamwe kila asubuhi. Shamba lililopumzishwa lizungushwe njia pana iliyosafishwa, ili moto wa jirani usipite. Wazee wakikubaliana juu ya siku na mahali pa kuchoma, ni vizuri zaidi. Kijiji ambacho kila kijana ana kiberiti chake hakitapata miti.

Neno moja juu ya nyama yake. Usiokote nyama wa pori uliyemkuta amekufa, wala mgonjwa, awe ndezi, kindi au nyani. Ugonjwa wa mpox, ambao watu huuita ndui ya nyani, hutoka kwa nyama wa pori, nao umekwisha kufika Maniema. Mchinjaji anawe mikono kwa sabuni, na nyama iive sana.

Wengine huuliza kama ndezi aweza kufugwa. Aweza. Katika nchi ya Benin watu wamemfuga tangu miaka ya 1980. Dume mmoja huwekwa na majike wanne hivi. Madume wawili pamoja watauana. Nyumba yake ijengwe kwa matofali na sakafu ngumu, maana ubao ataupita usiku mmoja. Hupewa matete, mashina ya mahindi na mihogo iliyokaushwa, pamoja na mfupa au kipande cha mti mgumu cha kuguguna ili meno yasizidi urefu. Lakini si mali ya haraka: mimba ni miezi mitano, na mtoto hafai kuliwa kabla ya miezi minane hivi. Mwenye haja ya nyama upesi aanze na dende, ambao watu wa Kivu wanawafuga sana jikoni. Huzaa baada ya miezi miwili na kidogo, hula majani ya shambani, na mtoto wa shule aweza kuwatunza.