Jinsi Amri Inavyojificha Ndani ya Jina



Wengi wetu hapa Rugu twaijua kompyuta kwa mbele tu, yaani kioo chake na vibonye vyake. Leo napenda kueleza jambo litokealo nyuma ya kioo, kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe, na kwa sababu lahusu siri za watu wengi kuliko sisi wanafunzi.

Katika muhula wa kwanza nilitengeneza programu ndogo ya daftari la maktaba. Niliiweka katika kompyuta kuukuu tuliyoifanya seva, yaani mashine itunzayo kumbukumbu na kuzijibu mashine nyingine zinapouliza. Humo niliandika jina la kila kitabu, jina la mwanafunzi aliyekiazima, na namba ya simu ya mzazi wake. Mwanafunzi akiandika jina la kitabu, seva humjibu kama kipo ama kimeazimwa. Majina ya walioazima na namba za simu yalikuwa ya mtunza maktaba peke yake.

Programu ilikwenda vizuri kwa wiki mbili. Ndipo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza alipotafuta kitabu cha ufugaji wa ng'ombe. Mashine ikakataa, ikaandika maneno ya makosa. Kuku walipatikana, mbuzi walipatikana, lakini ng'ombe hawakupatikana kabisa. Tulicheka sana. Mwalimu wetu wa kompyuta hakucheka.

"Kijana," aliniuliza, "amri yako kwa seva umeiandikaje?"

Nikamwonyesha. Kumbukumbu za namna hii huulizwa kwa lugha iitwayo SQL. Kwa Kiswahili, amri yangu ilikuwa hivi: Tafuta kitabu kiitwacho 'Ufugaji wa Kuku'. Zile alama mbili ndogo huieleza seva mahali jina lianzapo na mahali liishiapo. Sasa tazameni neno ng'ombe. Ndani yake mna ritifaa, na kwa seva alama hiyo ni ile ile ya kufunga jina. Basi seva ilidhani jina limekwisha pale kwenye "Ufugaji wa Ng", na herufi zilizobaki, "ombe", ikazisoma kuwa ni sehemu ya amri. Kwa kuwa haikujua amri ya namna hiyo, ikasimama.

"Na kama maneno yanayofuata ritifaa ni amri inayoijua?" Mwalimu aliniuliza. Sikuwa na jibu. Akakaa mbele ya mashine, akaandika jina la uongo, akatia ritifaa, kisha akaongeza maneno machache yenye maana ya kwamba "au moja ni sawa na moja". Moja ni sawa na moja siku zote. Kwa hiyo seva ilikubali kila mstari wa daftari, ikautoa wote kwenye kioo: vitabu, majina na namba za simu. Na namba ya mama yangu ilikuwamo.

Jambo hili twaweza kulifananisha na mtoto aliyetumwa dukani na kikaratasi kisemacho, "Mpe kilo moja ya sukari." Njiani mtu mwingine anaongeza chini yake, "na fedha zote zilizo katika kisanduku." Mwenye duka asiyetambua mwandiko atatii yote mawili. Seva nayo haitambui mwandiko. Huu ndio udungaji wa amri: amri ya mgeni hudungwa ndani ya amri ya mwenye mashine. Wala si jambo geni, kwani Jeff Forristal wa Marekani alilieleza katika jarida la Phrack mwaka 1998.

Huenda mzazi akasema, "Hayo ni ya maktaba ya shule, yanihusu nini?" Basi twende zahanati. Kila mtu aliyepata kutibiwa huko ameviona vile vitabu vikubwa vya MTUHA. Hesabu zake hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa katika mfumo uitwao DHIS2. Mfumo huu chimbuko lake ni kazi iliyoanza Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, na sasa watunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Hutolewa bure, na nchi huuweka katika seva zake zenyewe. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania, Uganda na Rwanda nazo zautumia.

Hesabu za mwezi ni jumla tu, hazina majina. Lakini DHIS2 ina sehemu nyingine iitwayo Tracker, ya kufuatilia mtu mmoja mmoja, kama mama mjamzito na mahudhurio yake, au mtoto na chanjo zake. Mwaka 2021, mwezi wa Juni na tena mwezi wa Oktoba, ilitangazwa kwamba katika sehemu hiyo mlikuwa na udhaifu wa jamii ile ile ya daftari langu. Mtu mwenye ruhusa ya kuingia katika mfumo, akikusudia ubaya, angeweza kutia amri zake za SQL. Sisemi kwamba kumbukumbu za mtu ye yote ziliibwa. Watunzaji walieleza kwamba hawakuwa na habari ya shambulio lo lote. Walitoa pia matoleo mapya yaliyozibwa matundu hayo.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Watu wa Oslo hawawezi kuingia katika seva ya kila nchi na kuitengeneza. Na tangazo la udhaifu likitoka, mlinzi na mwizi hulisoma siku moja. Mwenye seva sharti aweke toleo jipya yeye mwenyewe, na aliweke upesi.

Nami, kwa kuwa seva ya maktaba ni yetu, sikuwa na wa kumngoja. Kwanza, nimetenganisha amri na jina. Seva hupewa amri yenye pengo, ikaielewa kwanza. Kisha jina hupelekwa peke yake kulijaza pengo. Lo lote liandikwalo humo huchukuliwa kuwa jina tu. Pili, programu ya kutafutia vitabu imepewa ruhusa ya kusoma orodha ya vitabu, basi. Tatu, namba za wazazi tumezifuta. Zimerudi katika daftari la karatasi, ndani ya kabati la mwalimu, kwa maana kutafuta kitabu hakuzihitaji.

Vijana wenzangu wanaotaka kujaribu haya, na wajaribu katika mashine zao wenyewe. Kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata kama hukuchukua kitu.

Kitabu cha ng'ombe sasa chapatikana. Kila nimalizapo programu, jina la kwanza ninalolijaribu ni hilo.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne