Chama cha Ushirika Kinaishi kwa Mazao Yako

Ndugu mkulima wa skimu, je, wajua kwamba chama cha kwanza cha ushirika katika Kenya kilizaliwa katika nchi hii yetu ya Kericho? Mwaka 1908 walowezi wa Kizungu walikutana huko Lumbwa, mahali ambapo sasa panaitwa Kipkelion, wakaunda chama chao. Nia yao ilikuwa kununua mbolea na mbegu kwa pamoja, na kuuza mazao yao kwa pamoja. Walikwisha kuona kwamba mtu akienda sokoni peke yake mnunuzi ndiye asemaye bei, bali wakienda wengi bei huzungumzwa.

Mwafrika hakuwa na nafasi katika chama kile. Ilibidi kungoja mpaka sheria ya mwaka 1945 ndipo vyama vya Waafrika vikaanza kuandikishwa kwa wingi. Chai nayo ilikuwa vivyo hivyo. Makampuni yalipanda chai Kericho tangu miaka ya 1920, lakini mkulima mdogo hakupewa ruhusa ya kuipanda mpaka miaka ya 1950.

Kisha mwaka 1962 ukaanza mpango wa ekari milioni moja, na mashamba makubwa ya walowezi yakagawanywa, pamoja na yale ya Sotik. Kila skimu ilipaswa kuwa na chama chake cha ushirika. Mazao yalipita chamani, na deni la shamba likakatwa humo humo. Wengi wenu mmerithi mashamba hayo kwa baba zenu na babu zenu. Basi yafaa mjue kwamba hamkurithi udongo peke yake. Chama nacho ni urithi wenu.

FAIDA INAYOBAKI KIJIJINI

Jambo la kusaidiana si geni kwetu. Wazee wa Kipsigis walikuwa na kokwet, yaani majirani waliokaa pamoja, wakaamua mambo ya kijiji na kusaidiana kazi. Chama cha ushirika ni kokwet yenye daftari na mizani.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme chama cha maziwa kina wanachama 200, na kila mmoja huleta lita 10 kwa siku. Mkutano umekubali kukata shilingi 1 kwa kila lita. Kila mtu atatoa shilingi 10 tu kwa siku. Lakini chama kitapata shilingi 2,000 kwa siku, na kwa siku 30 kitapata shilingi 60,000. Fedha hizo zaweza kumlipa karani, kulipia mtambo wa kupoza maziwa kidogo kidogo, na kutia changarawe mahali ambapo gari hukwama wakati wa mvua. Mtambo ukiwapo, maziwa ya jioni hayaharibiki tena. Zamani maziwa hayo aliyanywa ndama au yalimwagwa, na sasa ni ada ya shule. Nani angeweza kuununua mtambo huo peke yake?

Wakulima wadogo waliokuwa wakipeleka majani kwa kampuni ya Finlay waliunda vyama vya msingi, na juu yake chama kikuu cha Fintea. Chama hicho kiliingia katika mpango wa Fairtrade. Katika mpango huo mnunuzi hulipa fedha za nyongeza juu ya bei ya chai, na wanachama wenyewe huamua katika mkutano zitumike kwa kazi gani ya kijiji, kama vile madarasa au maji. Mbunge hakuziomba, wala mfadhili hakuzileta kwa huruma. Ni jasho la mkulima lililorudi nyumbani.

LORI LA NJIANI

Sasa tuseme juu ya jambo linalotuumiza. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo vilijengwa chini ya KTDA, iliyoanzishwa na Serikali mwaka 1964 na kukabidhiwa wakulima mwaka 2000. Kwa sheria viwanda hivyo ni makampuni, si vyama vya ushirika, lakini wenye hisa ni wakulima. Kiwanda cha Litein, cha Kapkatet, cha Mogogosiek au cha Kapkoros ni mali ya watu wanaochuma.

Jioni moja lori husimama njiani. Mchuuzi hupima majani yako, hulipa fedha taslimu, haulizi kama umechuma majani mawili na kichipukizi au umechuma hata yaliyokomaa. Nawe una mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na bonasi ni ya mwezi wa Oktoba. Hatukulaumu bure. Shida ya leo haingoji Oktoba.

Lakini fikiri yanayofuata. Kiwanda chako kinalipa mishahara, kuni na umeme. Gharama nyingi hazipungui sana hata kama majani yamepungua. Yahitajika kilo nne na zaidi za majani mabichi kutengeneza kilo moja ya chai. Majani yakipungua, kila kilo inayotoka hubeba mzigo mkubwa zaidi wa gharama, na bonasi hushuka. Bonasi ikishuka, jirani yako naye huenda kwa mchuuzi. Mwaka unaofuata hushuka tena. Hivyo mkulima hujichimbia shimo kwa jembe lake mwenyewe, na siku kiwanda kitakapodhoofika, mchuuzi atasema bei apendayo. Tutakuwa tumerudi kule kule walikotoka watu wa Lumbwa kabla ya 1908.

Ni kweli kwamba wakulima wa Kericho na Bomet wamelalamika kwa sababu bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Malalamiko hayo yana haki ya kujibiwa kwa tarakimu. Lakini mahali pa kuyauliza ni mkutanoni, mbele ya wakurugenzi uliowachagua. Lori la njiani halina mkutano.

MALI BILA DAFTARI

Tusidanganyane kwamba kila chama ni kizuri. KCC ilianzishwa mwaka 1925 na ilikuwa na jina kubwa, lakini ilianguka katika miaka ya 1990, na wafugaji wengi wakakosa malipo ya maziwa yao. Serikali iliifufua mwaka 2003. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Chama huharibika wakati wanachama wanapolala, nao wachache wakabaki macho.

Kwa hiyo yakupasa kufanya haya:

1. Peleka mazao yako yote chamani au kiwandani. Nusu ya mazao huleta nusu ya chama.

2. Hudhuria mkutano mkuu wa kila mwaka. Katika chama cha ushirika mwanachama mmoja ana kura moja, hata kama jirani ana ekari nyingi.

3. Taka hesabu zilizokaguliwa, zisomwe kwa lugha mnayoielewa. Usione haya kuuliza: fedha hizi zilikwenda wapi?

4. Tunza risiti ya kila siku ya mizani, uilinganishe na malipo ya mwezi.

5. Jiunge na chama cha akiba na mikopo, uweke kidogo kila mwezi. Ukikopa ada ya shule huko kwa riba unayoijua, hutauza majani njiani kwa haraka.

6. Mpe mkeo namba yake ya chai, au sehemu ya mashina yaliyo kwa jina lake. Mara nyingi yeye ndiye achumaye alfajiri yenye umande, lakini siku ya bonasi jina linaloitwa ni la mume. Mama mwenye namba yake huja mkutanoni, na mama mkutanoni huuliza maswali.

Mwaka 2023, kampuni ya James Finlay ilipouza mashamba yake ya chai ya Kericho kwa Browns ya Sri Lanka, ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa ingekwenda kwa wenyeji kupitia chama cha ushirika. Mlango kama huo haufunguki kila siku. Utafaa nini, ndugu, ikiwa hatujajifunza kulinda kile chama kidogo cha maziwa kilicho hapa hapa penye njia panda?

Basi kesho asubuhi, uchukuapo kikapu chako, peleka majani kwenye kituo chako. Na siku ya mkutano ikitangazwa, acha kazi nyingine zote, uende ukakae mbele.