Mto Mkondoa: kabla hujakodi shamba, pima mita 60

Kila masika yakikaribia, vijana wanaolima Magomeni na kwingine kando ya Mkondoa hapa Kilosa huuliza, "Afisa, nijenge tuta la urefu gani maji yasiingie shambani?" Tuta peke yake halitakuokoa. Sababu ni hii.

Mkondoa unashuka na mchanga mwingi kutoka upande wa Mpwapwa na Dodoma. Ukifika kwenye tambarare yetu mwendo unapungua, mchanga unatua. Mto ukiwa huru, maji hutanuka kwenye matete, huacha tope lenye rutuba, kisha hurudi. Tukiubana kwa matuta na kulima hadi ukingoni, mchanga unatua ndani ya mto wenyewe. Kina kinapungua, na tuta lililotosha juzi leo ni fupi. Likipasuka, maji huja kwa kishindo. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kukata reli ya kati.

Tufanyeje?

1. Rudisha ukanda wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli za kudumu. Najua inauma, maana ekari moja ni kama mita 64 kwa 64. Aliyekodi ekari ya ukingoni kabisa amekodi hasara. Pima kabla ya kulipa.

2. Acha matete, mikuyu na mianzi ishike udongo. Palipo wazi, panda.

3. Usinyooshe kona za mto. Kona hupunguza kasi. Ukizikata, maji yatakula kingo za jirani wa chini.

4. Mabwawa na madimbwi ya asili usiyafukie. Ndiyo ghala la maji ya mafuriko.

5. Mliopo miinukoni, limeni kwa kontua na chimbeni fanya juu. Mchanga wa mtoni ni udongo wenu.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Ukiacha ukanda wako na jirani akalima wake, mto utapita kwake na kukufuata. Kaeni kama kikundi, nendeni serikali ya kijiji au mtaa, na muulize Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu kabla ya kugusa mto.

Haya, mwenye swali alete. Kila la heri shambani.