Mchezo Ufundishao Lugha

Nalipokuwa mtoto hapa Kihanga, nyumbani tulisema Kinyambo. Kiswahili nalikutana nacho shuleni. Kwangu mtu alikuwa *omuntu*, na ng'ombe alikuwa *ente*. Siku moja nalisimama darasani nikataka kusema ya kwamba mdogo wangu analala, nikasema, "Anarara." Darasa zima likacheka. Tangu siku ile nalinyamaza karibu muhula mzima, na mtu anyamazaye hajifunzi lugha.

Basi, wanafunzi, sikilizeni habari ya Tanga. Huko nako, katika nyumba nyingi, husemwa Kisambaa, Kizigua au Kibondei. Mwishoni mwa mwaka 2017 watoto karibu 2,700 wa vijiji 170 walianza kupewa vishikwambi, yaani kompyuta bapa kama zile walizopewa walimu wetu baada ya sensa ya mwaka 2022. Wengi wao hawakupata kuingia shuleni, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwalimu hakuwapo. Vishikwambi vilitiwa umeme kwa nguvu za jua, na watoto wakaachiwa wavichezee.

Ndani yake mlikuwa na michezo. Sauti hutamka neno, picha hutokea, na mtoto huigusa iliyo sawa. Herufi huziandika kwa kidole juu ya kioo. Akikosea, hapana amchekaye. Neno hutamkwa tena, hata mara ishirini, wala sauti ile haichoki. (Mimi huchoka mara ya nne.)

Baada ya miezi 15, wale wasioweza kusoma hata neno moja walikuwa wamepungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019, waundaji wa programu mbili, Kitkit School na onebillion, waligawana tuzo ya dola milioni 10.

Lakini iangalieni na ile nusu iliyobaki. Kishikwambi humfundisha mtoto kulitambua neno. Hakimwulizi habari za nyumbani, wala hakimbishii. Wachekao ni watu, na wazungumzao nao ni watu.

Kwa hiyo darasani mwangu huwaketisha wawili wawili mbele ya kishikwambi kimoja: mmoja hugusa, mwenziwe hutamka kwa sauti. Juzi mmoja alisema, "Kurara." Mwenziwe akaigusa picha tena, sauti ikatamka, nao wakalirudia neno lile pamoja.