Kanuni za Mtandao wa Chuo Zieleweke Kabla ya Kutiwa Sahihi

Siku ya usajili, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hutia sahihi karatasi nyingi: ya karo, ya bweni, ya maktaba, na ile ya matumizi ya kompyuta na mtandao. Hii ya mwisho ni rahisi kuipita kwa haraka, kwa sababu haidai pesa wala haigawi chumba. Lakini iwe ni katika Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, au katika Chuo cha Kitaifa cha Mafunzo Anuwai cha Kitale, karatasi hiyo ina uzito zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kanuni za mtandao wa chuo zimekuwa mpaka kati ya utovu wa nidhamu na uhalifu. Kwa hiyo chuo kina wajibu wa kuziandika kwa namna ambayo anayezitia sahihi atazielewa.

Uzito huo unatokana na Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu vyake 26 mwezi Mei mwaka huo, kisha Februari 2020 ikaamua kwamba sheria hiyo haikiuki Katiba. Anayevunja kinga za mfumo wa kompyuta ili aingie, huku akijua hana ruhusa, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, kufungwa hadi miaka 3, au yote mawili. Bunge halikutaja ni nani ana ruhusa ya kufungua mfumo gani. Hilo liliachiwa mwenye mfumo. Ndani ya chuo, mwenye mfumo ni chuo, na maneno yake kuhusu ruhusa yamo katika karatasi ile ile iliyopitwa haraka.

Chukua suala la nywila. Kwa mwanafunzi, kumpa rafiki nywila ni sawa na kumwazima kalamu: ni ukarimu tu. Sheria inaona vingine, kwani kutoa nywila kwa makusudi bila idhini nako ni kosa. Kumbukumbu za seva huandika jina la akaunti, saa na mashine iliyotumika. Haziandiki sura ya aliyeketi mbele ya kompyuta. Ujumbe wa vitisho ukitumwa kupitia akaunti hiyo, atakayeitwa kwanza ni mwenye jina. Na athari haziishii langoni mwa chuo. Katika mfumo wa eduroam, ambao nchini huendeshwa na KENET, mtandao wa elimu wa Kenya, mwanafunzi wa chuo mwanachama anaweza kuunganishwa akiwa amezuru chuo kingine, hata ng'ambo, kwa sababu chuo chake kimemdhamini. Anayegawa nywila yake anagawa pia dhamana hiyo.

Kuna hoja kwamba mwanafunzi amelipa karo, basi mtandao ni wake autumie apendavyo. Ni kweli amelipa, lakini hakulipa peke yake. Mtandao wa chuo ni kama bomba la maji yanayoteremka kutoka Mlima Elgon: wa juu akifungulia mfereji usiku kucha anyweshe shamba, wa chini ataamka akute mitungi mitupu. Wachache wakipakua filamu mchana, mwenzao anayetuma kazi ya muhula kabla ya muda kwisha atabaki akitazama ukurasa usiofunguka, na asipokuwa na pesa za bando hana njia nyingine. Kanuni ya kuzuia upakuaji mkubwa saa za masomo inamlinda huyo. Ikielezwa hivyo, wengi wataikubali. Ikiandikwa kama amri tupu, wataitafutia njia ya kuikwepa.

Wasimamizi nao wana hoja yao. Wanasema maneno mapana kama "matumizi yasiyofaa" ni ya lazima, kwani teknolojia hubadilika na makosa mapya huzuka kila mwaka. Wasiwasi huo una msingi, ila dawa yake si maneno yasiyo na mipaka. Aprili 2016, katika kesi ya Geoffrey Andare, aliyeshtakiwa kwa ujumbe aliouweka Facebook, Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno kiasi kwamba mtu hangeweza kujua ni kauli ipi ingemtia hatiani. Ikiwa sheria ya Bunge haikuvumiliwa kwa ukungu wa namna hiyo, kanuni inayoweza kumfukuzisha mtu chuoni nayo haistahili kuvumiliwa. Makosa mapya yanapozuka, kanuni zipitiwe upya kila mwaka na wawakilishi wa wanafunzi wakiwapo.

Ukungu huo una hatari zaidi katika suala la ufuatiliaji. Chuo kina haki ya kulinda mitambo yake dhidi ya virusi na wavamizi, na bila kumbukumbu za matumizi hakiwezi. Lakini Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aambiwe ni taarifa zipi zake zinakusanywa na kwa nini. Kifungu cha 47 nacho kinampa haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, na sababu zake kwa maandishi. Basi karatasi inayomtaka mwanafunzi asichungulie akaunti za wenzake imwambie pia ni nani anaweza kufungua yake, kwa idhini ya nani, na akituhumiwa atajitetea wapi.

Yote haya hayahitaji mitambo mipya. Yanahitaji kurasa chache za Kiswahili na Kiingereza, lugha rasmi za nchi hii, kila katazo likifuatwa na sababu yake, na saa moja ya maelezo kabla ya kalamu kugusa karatasi. Sahihi ya mtu asiyeelewa alichokubali haimlindi yeye wala chuo.