Usiku wa bendi kongwe: nani hasa hupanda jukwaani?

MPENZI wa muziki aliyekulia Kaikor, kaskazini mwa Turkana karibu na mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini, aweza kuijua sauti ya marehemu John Ngereza wa Les Wanyika kabla hajawahi kukanyaga barabara ya lami. Redio haihitaji lami. Lakini kumjua mwimbaji kupitia redio ni jambo moja, na kukesha mbele ya jukwaa lake ni jambo jingine kabisa.

Tofauti ya kwanza ni urefu wa wimbo. Nyingi za nyimbo tunazoziita zilipendwa zilitolewa kwenye santuri ndogo zenye nafasi ya dakika chache kila upande. Wimbo ulikatwa katikati: maneno upande wa kwanza, magitaa upande wa pili. Mtangazaji mwenye haraka alicheza upande mmoja tu, na msikilizaji wa mbali akaamini wimbo umekwisha.

Ukumbini hakuna upande wa pili. Sehemu ya maneno huenda polepole, waimbaji wakipokezana na kuitikiana huku watu wakicheza wawiliwawili. Kisha gitaa la solo hubadilisha mwendo, tarumbeta na saksafoni hujibu, na hapo ndipo waliokuwa wameketi huinuka. Watanzania huiita sehemu hiyo chemko. Shabiki aliyeguswa huenda jukwaani kumtuza mwimbaji, pengine kwa kumbandika noti kwenye paji la uso lenye jasho. Bendi ikiona noti zinakuja, haina sababu ya kuumaliza wimbo.

Swali linalomsumbua shabiki mgeni huja baadaye, akishaanza kuzitazama nyuso. Amelipa kiingilio kwa sababu ya jina lililo kwenye bango. Je, hao walio mbele yake ndio wenye jina hilo?

Msondo Ngoma ya Dar es Salaam ni mfano mzuri. Ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika. Chama kilipobadilika jina, nayo bendi ikabadilika: ikawa Juwata, kisha OTTU. Wanamuziki walikuwa waajiriwa na ala zilikuwa mali ya chama. Mwanamuziki akiondoka, aliliacha gitaa, na mwingine akaajiriwa kulipiga.

Na waliondoka kwelikweli. Muhidin Maalim Gurumo, mmoja wa nguzo za NUTA, alikuwa miongoni mwa walioiasisi Mlimani Park mwaka 1978. Akapitia Orchestra Safari Sound, kisha akarejea alikotoka. Mlimani Park yenyewe ilianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Wapenzi wa dansi waliufuata uhamaji huo kama wanavyofuata usajili wa Simba na Yanga, na hadi leo kuna watu wasioingia ukumbi wa upande wa pili.

Lakini walikuwa wakishabikia nini, ikiwa wachezaji walihama kila mara? Jibu ni mtindo. Msondo na Sikinde ni majina yaliyotokana na ngoma za jadi za Pwani, na kila bendi ililifanya jina lake kuwa alama ya namna yake ya kupanga magitaa, sauti na ala za kupuliza. Mpiga gitaa mpya hakuajiriwa aje na lake, alijifunza lililopo. Ndiyo maana Msondo haikunyamaza TX Moshi William alipofariki mwaka 2006, wala Gurumo alipozikwa mwaka 2014. Vyama na mashirika yalipojiondoa, wanamuziki wenyewe waliishika kazi, bila mshahara wa uhakika. Wanategemea mlango na tuzo, na katika hali hiyo noti ya shabiki si mbwembwe tena. Ni nauli ya mtu kurudi nyumbani alfajiri.

Sasa tutazame Nairobi. Les Wanyika ilizaliwa mwaka 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kuiacha Simba Wanyika, na "Sina Makosa" ikawapa jina Afrika Mashariki nzima. Haikuwa na chama wala shirika nyuma yake. Ilikuwa ya watu waliokuwa ndani yake, wakiishi kwa mapato ya kumbi na santuri. Omar Shabani alipofariki mwaka 1998 na Ngereza mwaka 2000, hapakuwa na ofisi ya kuajiri warithi wao. Nyimbo zimebaki na vijana wengi huzipiga vizuri hotelini, ila usiku wa Les Wanyika wenyewe haununuliki tena kwa kiingilio chochote.

Maroon Commandos walikuwa na kinga ya aina nyingine. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1970 ndani ya Jeshi la Kenya, na kiongozi wake Habel Kifoto aliipa "Charonyi ni Wasi", wimbo wa Kitaita uliovuma mwaka 1977. Mwanajeshi hustaafu lakini kikosi hakistaafu. Sifa zangu kwa mpango huo zina mpaka, kwani bendi ya kambini hupiga kwa ruhusa, na haiwezi kuimba kila linalosemwa mtaani. Hata hivyo mshahara ulimpa mpiga tarumbeta jambo ambalo Nairobi haikumpa mwenzake wa kiraia: muda wa kuzeeka akiwa kazini.

Mtu wa Kaikor ana sababu ya kuyasikiliza haya kwa sikio tofauti, kwa kuwa Waturkana wana usiku wao wa muziki usiomtegemea mwajiri wala mwenye ukumbi. Huo ni edonga. Hakuna ngoma ya kupigwa wala waya wa umeme. Kuna sauti, makofi, vishindo vya miguu na watu wanaoruka. Mwimbaji mmoja hutangulia, mara nyingi akimsifu maksai wake kwa rangi na umbo la pembe, na mikono iliyoinuliwa huzionyesha pembe hizo. Wengine huitikia. Kila kizazi cha wanaume ni cha Ngimor, yaani mawe, au Ngirisae, yaani chui: baba akiwa wa upande huu, mwana huwa wa upande ule. Nafasi ya anayeondoka huwa ina mtu tayari.

Kifo cha mwimbaji, basi, hakiwezi kuifunga edonga. Kinachoweza kuifunga ni ukame. Ngoma hii hutaka watu waliokaa pamoja, na watu hukaa pamoja panapokuwa na nyasi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo iliyokufa nchini ilipita milioni mbili, na wachungaji wakatawanyika kutafuta malisho. Tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar huwakusanya Waturkana na jamaa zao Wakaramojong, Watoposa na Wanyangatom, na ni jambo jema. Lakini huko watu hucheza mchana mbele ya wageni waheshimiwa, kwa zamu, saa ikitazamwa.

Kwa atakayesafiri hadi Dar kuwasikia wazee wa Msondo au Sikinde, afike kabla ya saa nne usiku, wakati bendi bado inapasha moto ala na viti vya mbele viko wazi. Abebe noti ndogondogo. Asiombe wimbo anaoujua redioni katika saa ya kwanza, kwani huwekwa baadaye, na atakapoupata asiketi maneno yanapokwisha.